Kopo la Kinga-Kutu

Gereji, tarehe 3 Machi

Dada yangu Kipaza,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono huu huu uliopuliza rangi gari la waziri, kwa hiyo barua itunze vizuri, siku moja watu watailipia kiingilio waione. Mimi mzima wa afya, na ningekuwa mgonjwa nisingekwambia, maana mgonjwa mmoja kwa familia anatosha, na zamu umeichukua wewe.

Najua utasema mbona situmi ujumbe wa simu kama wenzangu. Ujumbe wa simu ni wa watu wenye maneno machache. Mimi niliacha shule, maneno sikuyaacha. Halafu daktari amekukataza kusema mpaka koo lipone, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe mimi nitaongea na wewe utasikiliza. Sauti iliyotangaza mabasi stendi miaka yote ile, sauti iliyowaamsha hata madereva waliolala na chupa, leo imetiwa kufuli! Dunia ina utani mbaya kuliko wangu. Tangu uondoke mabasi yanatoka bila heshima, yanachomoka tu kama kuku waliotishwa.

Sasa tulia nikuelimishe. Kuna mwalimu wa kemia ameniletea gari lake, sakafu imeliwa na kutu hivi kwamba ukikaa kiti cha nyuma unaona barabara. Nikamwambia, mwalimu, hili si gari, hili ni chekeche. Akacheka, akaniuliza, "Msasa, unajua kwamba hata wewe unashika kutu?" Nikamjibu kwamba mimi naoga. Akasema si mzaha. Akachukua chaki yangu ya kuwekea alama kwenye bodi, akachuchumaa, akachora sakafuni.

Mwili, dada, umejengwa kwa seli. Ni vyumba vidogo kuliko chembe ya vumbi, huwezi kuvihesabu hata ungepewa umri wa nyangumi. Ndani ya kila chumba kuna jiko, na jiko hilo linachoma chakula kwa hewa unayovuta, ile oksijeni, hewa hiyo hiyo inayokula chuma. Jiko likiwaka cheche zinaruka, kama grenda langu likigusa bati. Kila cheche ina njaa. Imepungukiwa na kipande, inanyakua kwa jirani, jirani naye aliyenyakuliwa anamgeukia jirani yake, mwishowe mtaa mzima unaibiana. Ndio uzee huo! Ngozi inakunjamana, macho yanafifia, na vyumba vingine vinaharibika akili kabisa, vinazaana ovyo bila kibali, ndio huo uvimbe wa kooni kwako.

Lakini Mungu si fundi wa kubahatisha, ameweka walinzi. Jina lao la kitabuni ni antioksidanti. Nililitamka mara tatu, ulimi ukateleza mara tatu, nikaamua kuwaita kinga-kutu, na mwalimu akakubali. Yaani alinyamaza, na mwalimu akinyamaza amekubali. Kazi ya kinga-kutu ni kumpa yule mwenye njaa kipande chake mwenyewe, ugomvi ukaisha. Ni kama zinki kwenye bati la paa. Kutu ikija inakula zinki kwanza, bati linabaki salama. Wamo kwenye machungwa, kwenye karoti, kwenye mboga za majani, hata kwenye chai.

Mwalimu alisema ule mboga na matunda, basi. Kwamba kilicho kizuri kwenye sahani si lazima kiwe kizuri kwenye chupa. Hayo ni maneno ya waoga. Mimi fundi. Mkono mmoja wa rangi ukipendeza, mikono mitano itapendeza zaidi. Nikamtafuta yule mama anayepita na begi la virutubisho, nikamwambia, "Nitolee vyenye nguvu kuliko vyote ulivyonavyo." Kanipa vidonge vya rangi ya machungwa, kimoja ni sawa na kikapu kizima cha matunda. Vichupa vyake vilikuwa dhaifu kwa safari, nimevimimina kwenye kopo la puti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi. Usitie shaka, nimelisugua mpaka unaweza kujitazama ndani, na juu nimeandika kwa brashi yangu mwenyewe, herufi za kivuli kama za kwenye mabasi: KINGA-KUTU. Meza vitatu asubuhi, vitatu jioni. Usiogope, si dawa, ni chakula. Daktari afanye kazi yake ya kuchoma uvimbe kwa mionzi, na mimi nafanya yangu.

Na usinifananishe na yule jirani yangu wa gereji ya pili, anayepaka rangi juu ya kutu. Mteja anaondoka anacheka, mvua mbili tu anarudi analia. Chini ya rangi kutu haifi, dada. Imejengewa paa, inakaa gizani, inakula kwa raha zake. Mimi nakwangua kwanza mpaka chuma kitoe macho meupe.

Upone urudi. Stendi inakusubiri.

Mdogo wako,
Msasa, Bingwa wa Rangi Kanda Zote


Chumbani, nyuma ya hospitali, tarehe 19 Machi

Mdogo wangu mwenye kelele,

Marahaba. Barua imefika kwa kondakta wa basi la asubuhi, pamoja na kopo. Alilibeba mbali na nguo yake, akidhani litamchafua. Binti yangu naye kaliona dirishani, akauliza, "Mama, Mjomba kakutumia rangi?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, kunikumbusha gereji. Akaguna, akaendelea kufagia. Nimemwacha hivyo hivyo, kwa sababu siku hizi ananipimia mpaka chumvi, na akijua kuna kitu nameza bila yeye kukikagua hatutalala. Anatoka mapema kwenda kupiga pasi mashuka ya hoteli na anarudi amechoka. Vidonge nameza akiwa hayupo.

Umeniuliza mionzi ikoje. Hukuuliza, ulikuwa unaongea, lakini nitakwambia. Wananilaza kwenye meza ngumu, wananifunika uso kwa kinyago cha plastiki chenye matundu, kimefinyangwa kwa uso wangu mwenyewe, pua yangu ile ile ya baba. Kisha wanakibana mezani kwa vibanio nisitikisike, wanatoka wote, wanafunga mlango. Nakukumbuka unavyofunika vioo vya gari kwa magazeti kabla ya kupuliza. Tofauti ni kwamba gari halimwombi Mungu.

Kila wiki muuguzi ananiuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia, ya dukani au ya miti shamba?" Naandika kwenye kibao changu cha kuongelea: Hapana. Sijasema uongo. Wewe mwenyewe umesema si dawa, ni chakula, na chakula hajaniuliza.

Sasa sikia ajabu. Wenzangu tunaokaa nao benchi moja makoo yamewaungua, hata uji unawatoa machozi. Shingo zao zimekuwa kama sufuria ya kuni. Mimi nameza mpaka wali! Shingo yangu imekuwa nyekundu kidogo tu, basi. Muuguzi ananigeuza huku na huku, anasema, "Wewe mama ngozi yako umeitoa wapi?" Nami nacheka kimoyomoyo, nasema laiti ungemjua mdogo wangu.

Usivimbe kichwa. Kimeshavimba, najua.

Dada yako,
Kipaza (kimezimwa kwa muda)


Gereji, tarehe 24 Machi

Dada!

Barua yako nimeisoma gereji nzima, nimesimama juu ya boneti la mteja, na boneti limebonyea, na sijali, nitalinyoosha. Nilisema au sikusema? Wenzako wanaungua, wewe unakula wali! Moto unapita juu yako kama mvua juu ya gari lililopigwa nta! Wale madaktari wamesoma miaka mingapi, na hakuna hata mmoja aliyewafikiria hao wagonjwa wa kwenye benchi? Ningekuwa waziri wa afya ningetoa amri, kila mgonjwa na kopo lake.

Nilitaka kumtambia mwalimu wa kemia, lakini gari lake alikuja kulichukua mkewe. Ana bahati.

Nakutumia kopo la pili, kubwa zaidi, lile la lita nne. Sasa tunaingia mkono wa pili wa rangi. Meza sita asubuhi, sita jioni. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa usishtuke, ni ziada inamwagika, kama rangi inavyodondoka kwenye kona. Na huyo muuguzi akikuuliza ngozi umeitoa wapi, mwandikie kwenye kibao namba yangu ya simu.

Wifi yako anasema nimekuwa sivumiliki nyumbani. Nikamwambia daktari hasifiwi kwao.

Mdogo wako,
Msasa, Bingwa wa Rangi Kanda Zote, na sasa Mshauri wa Hospitali


Chumbani, tarehe 25 Aprili

Mdogo wangu Daktari Msasa,

Nimemaliza mionzi. Siku ya mwisho walinipa kinyago changu nikakichukua, kimekaa mezani kinanitazama. Binti yangu anakigeuzia ukutani.

Daktari anasema tusubiri uvimbe unyauke polepole, atanipima tena baada ya wiki kadhaa. Wenzangu wa benchi wamerudi makwao bila ngozi ya shingo. Mimi nimebaki na yangu, tena mikono imekuwa laini, ile mikunjo ya vidole sijui imekwenda wapi. Nitarudi nyumbani nikiwa mdogo kuliko wewe, na shikamoo utanipa vile vile.

Nina jambo la kukuambia na nimelihifadhi mpaka mwisho kama wewe unavyohifadhi bei. Jana binti yangu alinipa supu. Nikaonja, nikafungua mdomo, nikasema, "Chumvi." Kwa sauti! Ilikuwa kama mlango ambao haujatiwa grisi tangu vita, lakini ilikuwa sauti. Bakuli lilimponyoka. Tulifuta supu sakafuni huku tunacheka, yeye kwa kelele na mimi kwa mabega.

Lile kopo kubwa limebaki theluthi. Tuma jingine, nisije nikakatisha mambo yakiwa mazuri.

Dada yako,
Kipaza (wanajaribu mitambo)


Hospitali, tarehe 14 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijui kuandika kwa madoido kama wewe na mama, utanisamehe.

Mwezi uliopita mama alianza kukosa pumzi. Lile neno moja alilosema halikurudi tena. Wiki iliyopita walimlaza, wakampima. Uvimbe haukunyauka, Mjomba. Umekua. Umeingia kwenye tezi za shingoni na kuna madoa kwenye mapafu. Daktari alitazama picha muda mrefu, akaniuliza mama anatumia nini nyumbani. Nikasema hatumii chochote, chakula chake napika mimi.

Nikarudi chumbani kumchukulia shuka. Nilipovuta pazia, lile kopo likaanguka, mfuniko ukatoka. Miezi yote nimefagia chini ya kopo lile nikidhani ni rangi. Sikulifungua hata siku moja. Niliokota vile vidonge kimoja kimoja, nikampelekea daktari kwenye mfuko.

Hakufoka. Ningefurahi angefoka. Aliniuliza alikuwa anameza vingapi, nikamwonyesha ulivyoandika kwenye barua niliyoikuta chini ya mto wake, akaweka kalamu chini. Akasema zile cheche mwilini ni kweli zinaharibu, na ni kweli kuna vitu vya kuzizima. Lakini mionzi inaua uvimbe kwa cheche hizo hizo. Inaziwasha kwa makusudi ndani ya seli mbaya, ziungue zife. Vizima-cheche vikiwa vingi kupita kiasi, vinaweza kuzima moto hata pale ulipotakiwa kuwaka. Akasema huenda ndiyo maana koo la mama halikuungua kama la wenzake.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni vidonge?" Akasema hawezi kusema ni vidonge, wala hawezi kusema si vidonge. Kuna uvimbe unaoishinda mionzi hata bila kidonge kimoja. Nikamuuliza kama wanaweza kurudia. Akasema shingo imeshapokea kiasi chake, haiwezi kupokea tena. Kilichobaki ni dawa za maumivu, na turudi nyumbani akiwa bado anaweza kukaa kwenye kiti cha basi.

Mama anajua hali yake si nzuri. Habari za vidonge hajui, nimemwambia lile kopo lilimwagika. Kila siku anaandika kibaoni: Kopo la Msasa limefika? Tafadhali Mjomba, usimwambie. Anaamini kitu kimoja tu.

Mpwa wako


Gereji, tarehe 17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa, na sikumbuki kukaa.

Nilikwenda kwa mwalimu wa kemia, shuleni kwake, nikaingia darasani na mafuta yangu mikononi. Wanafunzi wakacheka. Sikuwajibu, na wewe unanijua mimi. Nilimuuliza kitu kimoja tu, hii kinga-kutu inajuaje chuma kipi ni kizima na kipi ni kibovu? Akanishika bega, akanitoa nje, akasema, "Haijui, Msasa. Inakinga kila inachokikuta. Hata seli mbaya ni seli, nayo inataka kuishi." Akasema, "Na mimi nilikwambia habari ya sahani na chupa." Nikasema, "Uliniambia, mwalimu."

Dawa ya moto ni moto. Methali hiyo naijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Wenzangu wakawasha moto, mimi nikatuma maji, tena kwenye kopo la lita nne, tena nimeliandika kwa herufi za kivuli. Miaka yote namcheka jirani kwa kupaka rangi juu ya kutu. Kutu ya dada yangu nimeijengea paa.

Muulize daktari kama kuna kitu anaweza kutoa kwangu ampe dada. Damu, figo, chochote. Mwambie hata koo ninalo zima, na sijawahi kulitumia kwa jambo la maana.

Sitamwambia. Lakini nitamwandikia nini, mama? Maana vidonge anavisubiri.

Mjomba wako


Gereji, tarehe 20 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri. Vile vidonge vimeadimika kidogo, yule mama wa begi amehama. Kwa sasa kula mboga na matunda, inatosha. Huku kazi zinaendelea kama kawaida. Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako


Hospitali, tarehe 26 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Haina waziri. Haina boneti. Umesaini "mdogo wako" kama mtu anayeomba kazi. Nikasema, Msasa asipojisifu kuna msiba, na msiba wenyewe bila shaka ni mimi. Nikamwita binti yangu kwa mkono, nikaandika kibaoni: Kopo? Akaanza kulia kabla sijamaliza alama ya kuuliza.

Amenieleza. Nilimsikiliza kimya, maana kukaa vingine siwezi.

Nilikasirika. Hilo nataka ulijue, usije ukaenda kuwaambia watu dada alikuwa na moyo mkubwa, hakukasirika. Siku nzima nilikuona na brashi yako, ulimi umeutoa nje kama ulivyokuwa unaandika darasani, unapamba zile herufi. Nikazichukia hata herufi kwa uzuri wake. Usiku mwingine hupita tu, lakini ule haukupita.

Asubuhi nilimwandikia daktari maswali, kibao kizima, pande zote mbili. Ni mtu mzuri, ana macho ya kukosa usingizi. Kila swali alijibu kwa mabega. Hajui. Hatajua. Hakuna mashine ya kurudisha siku nyuma tujaribu bila kopo. Basi nisikilize vizuri wewe bingwa. Maisha yako yote umejisifu kwa kazi ambazo hukuzifanya. Lile gari la waziri uliliosha tu, rangi alipuliza bosi wako, stendi nzima inajua na tunakuachia kwa sababu tunakupenda. Sasa na hii nayo unataka uandike jina lako? Sikupi. Ushahidi huna, mimi sina, daktari hana. Ugonjwa ulikuwa wangu kabla ya kopo lako. Na yule muuguzi aliniuliza kila wiki, na kila wiki niliandika hapana, nikafurahi kwamba nimemzidi akili. Wewe hukuwepo pale. Kama kuna fungu, tugawane, usilibebe lote kama mzigo wa harusi.

Wala msinifiche tena kitu. Kifo ni changu, mnanifichaje mali yangu mwenyewe?

Narudi Jumamosi ya wiki ijayo, basi la mchana. Sauti haitarudi. Neno langu la mwisho lilikuwa "chumvi." Ningejua, ningechagua jingine.

Kile kitanda cha chuma cha mama kiko stoo kwako. Nitengenezee, nataka kulala hapo, sitaki godoro la chini kama mgeni wa harusi. Na usinipakie rangi juu ya kutu. Kikwangue kwanza.

Dada yako,
Kipaza


Gereji, tarehe 4 Julai

Dada yangu Kipaza,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta akukabidhi mkononi kabla hamjaondoka, uisome njiani, kwa sababu ukishafika sitaweza kukwambia haya huku unanitazama.

Umesema barua yangu haikuwa na majigambo. Nimekaa nijaribu, ufurahi. Nikaandika, "Mimi ndiye fundi pekee katika kanda zote ambaye." Imeishia hapo. Nimekuachia nafasi, utajaza mwenyewe, mwandiko wako ni mzuri.

Fungu langu nimelipokea. La kwako sikubaliani nalo, lakini sijawahi kukushinda kwa mabishano hata ulipokuwa na sauti, nitakushindaje sasa.

Nimekwenda stendi kumwomba yule mtangazaji mpya akutangaze utakapoingia, alitaje basi lako taratibu na kwa heshima. Amekubali. Ila ana mafua na huchanganya majina ya miji, kwa hiyo ukisikia umefika mahali pengine, shuka tu, nitakuwepo na kiti cha kukubebea.

Sasa kitanda. Nilikitoa stoo juzi. Ile rangi yake ya kijani unaikumbuka, imepakwa na kila mtu kwenye ukoo, mkono juu ya mkono, na bado inang'aa. Ungekiona ungesema kina miaka mingine ishirini. Nikachukua msasa, nikaanza mguuni kama ulivyoagiza. Rangi ikatoka, kutu ikatokea. Nikasema sawa, kutu tunaijua. Nikakwangua. Nikawa nangoja chuma kitoe macho meupe. Kutu ikaendelea kutoka, kahawia, laini kama unga, ikajaa viatuni. Nikakwangua tena. Halafu kidole changu kikatokea upande wa pili.

Nikajaribu mguu mwingine. Nikajaribu kichwani. Dada, hapakuwa na chuma. Ni rangi ndiyo iliyokuwa imekisimamisha kile kitanda.

Nilifikiria kuchomelea, lakini huwezi kuchomelea kutu kwa kutu, hakuna mahali pa moto kushika. Nikakaa chini na ule mguu mkononi, mwepesi kama bomba la karatasi. Yule jirani wa gereji ya pili akapita, akaniona, akakaa karibu yangu. Nimemcheka miaka yote, na yeye hakunicheka.

Kwa hiyo utalala kwenye kitanda cha mbao. Nimekichukua kwa seremala wa kona, kipya, bado kinanukia mti. Nimekiweka chumba cha mbele, upande wa dirisha, uione barabara. Sikukipaka chochote. Seremala alitaka kunipa dawa ya kupaka dhidi ya mchwa, akasema mbao haishiki kutu lakini mchwa wanaila. Nikamuuliza wanachukua muda gani. Akasema, "Miaka mingi, fundi, kwa hilo usiwe na wasiwasi."

Nikamwambia sina.

Mdogo wako,
Msasa